Kwenda Manga Bila Kazi wala Mzigo

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret ulipofunguliwa mwaka 1997, wakosoaji waliuita anasa ya kisiasa. Ulikuwa na njia ya kurukia yenye urefu wa karibu kilomita tatu na nusu, katika mji ambao wasafiri wake karibu wote walikuwa watu wa matatu na mabasi. Muda ukapita, na lile neno "kimataifa" likajipatia kazi ambayo wengi hawakuitarajia: waliotua kutoka ng'ambo hawakuwa watu, ilikuwa mizigo. Ndege za shehena kutoka Ghuba zimekuwa zikishusha hapa vitambaa, simu na vifaa vya umeme ambavyo baadaye huonekana katika maduka ya Nairobi na hata kuvuka mpaka kuingia Uganda. Ndiyo kusema katoni ya simu inaweza kutoka Dubai ikaja moja kwa moja hadi Eldoret, ilhali mkazi wa Eldoret anayetaka kwenda Dubai sharti ateremke Nairobi kwanza. Bidhaa zao zinatufikia na nguvu zetu zinawafikia. Macho yetu ndiyo bado hayajakatiwa tiketi.

Mtu wa Uasin Gishu akisema anakwenda Uarabuni, hakuna anayemuuliza anafuata nini, kwa sababu majibu yanajulikana. Wengi wanafuata kazi: ya nyumbani, ya ulinzi, ya udereva. Katika mazungumzo ya mitaani nchi zote hizo huitwa Saudia, hata kama mkataba umeandikwa Qatar. Wachuuzi wanafuata bei za jumla za Deira, Dubai, na mitaa ya huko wanaijua kwa majina ya maghala. Waislamu wenye uwezo wanafuata hija na umra, na Jiddah kwao ni mlango tu wa kuelekea Makka. Halafu wako wanariadha, kundi ambalo miji michache duniani inaweza kulihesabu kama sababu ya kusafiri. Stephen Cherono, kijana wa Keiyo, alichukua uraia wa Qatar mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 7:53.63, iliyodumu hadi 2023. Mashindano ya dunia yalipofanyika Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianzishwa dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua, na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakuimaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich. Eldoret nzima iliitazama Doha usiku ule kwenye televisheni, na ilichoiona ni barabara ya ufukweni, taa na jasho.

Wote hao wana haki ya safari zao. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaingia katika mji wa Kiarabu akiwa amefungwa na jambo lake. Yaya anaujua mji kwa jikoni na dirisha la gari la bosi. Mchuuzi anaujua kwa stoo, mwanariadha kwa hoteli na uwanja, na hujaji, kwa haki kabisa, hakwenda kushangaa majengo. Mwenye nafasi ya kusimama gatini akauliza mji huu ulifikaje hapa, na unanihusu nini, ni mtalii peke yake, na sisi watu wa bara hatujazoea kujiona hivyo. Mtalii kwetu ni mgeni mwenye kofia pana anayekuja kututazama sisi. Ninachodai hapa ni kwamba Mkenya wa nyanda za juu mwenye akiba ya safari moja ya ng'ambo angefanya vyema kuitumia kwenda Uarabuni kutazama tu, na kwamba mji unaomfaa kwa safari hiyo ni Maskati, mji mkuu wa Oman, ambao wasafiri wetu wengi huuruka wakielekea Dubai. Waswahili wa kale waliiita nchi ile Manga, na wenyeji wake Wamanga. Jina hilo tunalo hata leo jikoni kila tunapotaja pilipili manga, ingawa mmea wenyewe asili yake ni India. Aliyeileta ndiye aliyeachiwa jina.

Tuanze na mawe. Maskati ya kale ni ghuba ndogo iliyobanwa na milima mikavu, yenye ngome mbili juu ya miamba, Jalali na Mirani, na kati yake ikulu ya al-Alam iliyojengwa mwaka 1972. Mtalii wa kawaida huzitazama ngome hizo kwa nje, na hilo si hasara kubwa, kwa kuwa umbo lao linasomeka vizuri zaidi kutoka mbali. Mkenya aliyewahi kuiona Fort Jesus ya Mombasa ataitambua lugha yake papo hapo: kuta nene zinazotoka moja kwa moja kwenye jabali, midomo ya mizinga iliyoelekea mlango wa bahari. Kufanana huko hakukuja kwa bahati. Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507, wakaja kuziimarisha ngome hizo mwishoni mwa miaka ya 1580, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. Kilichowahimiza kilikuwa tishio lile lile. Nahodha wa Kituruki aliyeitwa Mir Ali Bey aliipora Maskati mwaka 1581, kisha katika miaka michache iliyofuata akateremka mara mbili hadi upwa wetu, akiwashawishi watu wa Mombasa na miji mingine waukatae utawala wa Wareno, mpaka alipokamatwa Mombasa mwaka 1589. Hofu ya mtu mmoja ilijengewa kuta katika bandari mbili zilizo mbali kwa maelfu ya kilomita. Kitabu cha historia cha shule kinamwambia mwanafunzi wa Eldoret kwamba Wareno walijenga ngome Mombasa kwa kuhofia Waturuki. Ukweli ni kwamba Mombasa ilikuwa pingili moja tu ya mnyororo, na mnyororo hauonekani kwa mtu anayetazama pingili moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa kilichofuata. Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi aliwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Watu wa Mombasa waliposikia, wakapeleka wajumbe kuomba msaada. Machi 1696 Waomani wakaizingira Fort Jesus, na ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na tatu ya njaa na tauni. Wamazrui waliowekwa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Oman wakageuka wenye mji, wakagombana na mabwana zao kwa vizazi, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipowashinda mwaka 1837. Said alikuwa amekwisha kuipenda Unguja kiasi cha kuhamishia makao yake huko. Alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe wawili wakagombea urithi, Thuwaini kutoka Maskati na Majid kutoka Unguja. Waingereza wakawaamulia mwaka 1861: dola igawanywe mara mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Siku hiyo Afrika Mashariki na Manga zilitengana kisheria. Ila kipande cha mali ya sultani kilibaki kikining'inia juu ya historia ya Kenya kwa karne nzima, yaani ile maili kumi ya mwambao. Ndiyo sababu nchi hii iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya: Eldoret ilikuwa katika Koloni, Mombasa katika Himaya iliyokodiwa kutoka kwa sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus hadi mwaka 1963. Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakabadilishana barua, na mwambao ukawa wetu moja kwa moja. Mipaka tunayoiapia ina saini ambayo wino wake ulianzia Maskati.

Atakayetoka kwenye ngome akaingia Mutrah, bandari iliyo jirani, atakutana na ushahidi wa aina nyingine, nao anao mwenyewe mdomoni. Soko la Mutrah lina vichochoro vilivyoezekwa, moshi wa ubani na udi, vitambaa, fedha, majambia. Linafungwa mchana joto linapokuwa kali na kufunguliwa tena alasiri. Waarabu huliita suq, nalo ndilo soko letu. Duka ni dukkan, na maneno bei, rahisi, ghali, faida, hasara, deni na bidhaa yote yanatambulika kwa muuzaji wa pale kabla Mkenya hajaeleza anataka nini. Mama mboga wa Eldoret anafanya biashara yake ya kila siku kwa msamiati wa soko lile, ijapokuwa sarufi anayoufungia ni ya Kibantu tupu. Kiswahili hakikuzaliwa na Kiarabu, na wanaosema hivyo wanakosea. Lakini lugha hukopa kutoka kwa mtu uliyekaa naye meza moja ya hesabu. Na mkopo haukuwa wa upande mmoja. Kofia ya duara iliyotariziwa ambayo Waomani huiita kumma, na ambayo leo ni alama ya taifa lao, inahesabiwa kuwa na asili yake katika kofia za upwa wa Afrika Mashariki. Mishkaki ya kando ya barabara huko inaitwa mishkak. Halua anayopewa mgeni pamoja na kahawa chungu ni dada wa ile ya Mombasa na Unguja, na wataalamu wa pande zote mbili watabishana hadi alfajiri ni ipi bora.

Kisha kuna watu wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, maelfu ya Waunguja na Wapemba wenye asili ya Oman walikimbilia kokote palipowapokea. Oman ya wakati huo haikuwa kimbilio la kutamanika: shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, barabara ya lami karibu hakuna. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi, waliotoka Zanzibar walikuja na elimu, Kiingereza na uzoefu wa ofisi, wakashika nafasi katika wizara, mashule na kampuni ya mafuta. Kiarabu cha wengine kilikuwa cha kubabaisha. Wakaitwa Wazanzibari, jina lililobeba heshima kidogo na dharau kidogo, na Kiswahili chao kikabaki nyumbani na barazani. Mtalii wa Eldoret anaweza kukisikia katika foleni ya benki, na hapo atakutana na jambo la kuchekesha. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mzee wa Maskati aliyejifunzia lugha Mji Mkongwe anazungumza kile ambacho shule zetu zimekuwa zikijitahidi kutufundisha, naye huenda akamsikiliza mgeni wa Kenya kwa subira ya mwalimu. Ni vyema kumwamkia shikamoo. Ataipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Hapa msomaji wa Nandi au Keiyo ana haki ya kukatiza. Historia hiyo, atasema, ni ya Mombasa na Lamu; sisi tulikuwa huku juu na ng'ombe wetu, na misafara ya pwani ilipojaribu kupita kwa babu zetu ilirudishwa kwa mikuki, ikabidi izunguke hadi kwa Mumia, mfalme wa Wanga. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Ila Oman si pwani pekee. Kilomita 160 hivi kutoka Maskati, nyuma ya milima ya Hajar, upo mji wa Nizwa wenye ngome ya mviringo ya karne ya 17, na kila Ijumaa asubuhi hufanyika mnada wa mifugo ambapo wauzaji hupitisha mbuzi wakizunguka duara la wanunuzi, bei zikitajwa juu kwa juu. Mfugaji wa Moiben hahitaji mkalimani wa kumweleza kinachoendelea pale. La maana zaidi ni maji. Vijiji vya Oman hunywesha mitende kwa falaj, mifereji inayochukua maji kutoka chini ya mlima na kuyatembeza kwa mteremko mdogo hadi mashambani, kila familia ikiwa na zamu yake iliyopimwa zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mifereji takriban elfu tatu ingali inafanya kazi, na mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sasa atoke Eldoret, mwendo wa saa moja tu, asimame kwenye ukingo wa bonde la Kerio. Mifereji ya Wamarakwet inayoteremka ule ukuta wa mlima ina mamia ya miaka, inamilikiwa na koo, ina zamu, ina wazee wa kuamua magomvi, na mahali pengine hupitishwa juu ya mihimili pale jabali linapokatika. Hakuna anayedai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Watu wawili wa nchi kame waliwaza sawasawa. Tofauti iliyopo ni ya utunzaji: Waomani wamefanya falaj kuwa fahari ya taifa inayolipiwa na wageni kuonwa, na sisi mifereji yetu bado tunaichukulia kama habari ya kijijini. Mtu anaweza kuifahamu thamani ya kitu cha Marakwet kwa kukiona kimetandikwa zulia Nizwa.

Wapo watakaosema, kwa upole zaidi, kwamba basi aanze na nyumbani: Mombasa iko kilomita kama mia nane, reli mpya kutoka Nairobi ipo tangu 2017, na kuna watu wa Eldoret wenye miaka hamsini ambao hawajaigusa bahari. Nakubaliana nao bila ubishi. Fort Jesus itangulie Jalali, na anayeweza moja tu aende Mombasa. Hoja yangu inamhusu yule ambaye tayari amekwisha kuweka akiba ya Dubai, na hao si wachache. Kwake swali la gharama linakuja kwa sura nyingine. Dubai ina ndege nyingi, hoteli za kila kiwango, na lile jengo la Burj Khalifa la mita 828 ambalo picha yake ina uzito katika harusi. Maskati haina mnara wa kujivunia. Sheria zake za ujenzi zinapendelea majengo mafupi ya rangi nyeupe na ya mchanga, na mgeni aliyezoea Dubai anaweza kuona amekuja kijijini. Riale moja ya Oman ni karibu dola 2.6, kwa hiyo kila bei ndogo unayoisoma inahitaji kuzidishwa kabla ya kufurahi. Mji umetandazwa kwa makumi ya kilomita kati ya mlima na bahari, hauna katikati ya kueleweka, na mabasi ya Mwasalat hayafiki kila mahali, basi watu wawili au watatu wakikodi gari pamoja watapata nafuu kuliko mmoja mwenye teksi. Viza huombwa kwa mtandao, na masharti yake hubadilika, kwa hiyo asome tovuti ya serikali yenyewe wala asiridhike na maneno ya wakala. Faida inayofidia haya ni kwamba vitu vya maana vingi havihitaji manunuzi: ufuko, gati la Mutrah, milima, soko.

Mwezi wa kwenda una uzito kuliko bei. Likizo ya Agosti, ambayo familia nyingi za Kenya huipenda, ni ya kuepukwa kabisa. Kiangazi cha Maskati hupita nyuzi 40 kikiwa na unyevu wa kubana kifua, na Juni 2018 mji wa Quriyat, kusini kidogo ya hapo, ulipitisha saa ishirini na nne bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwamo. Mwili uliozoea mita elfu mbili na mia moja za Eldoret hautasamehe jambo hilo. Desemba hadi Februari hali ni tamu. Kuna mzaha mmoja wa jiografia ambao sitauacha upite: Agosti hiyo hiyo, watu wa Ghuba humiminika Salalah, kusini mwa Oman, kwa sababu pepo za kusi huleta huko ukungu, manyunyu na nyasi mbichi. Wanalipia hoteli ili waloane na mvua ile ile inayomfanya mwenzao wa Burnt Forest alalamike kuhusu barabara.

Pingamizi lililo zito kweli ni la dada zetu. Yawezekanaje mtu aende kupiga picha katika nchi ambako wenzake wamefungiwa jikoni, wamenyang'anywa pasipoti, na wengine wamerudi ndani ya jeneza? Kenya yenyewe ilifuta leseni za mawakala waliopeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati mwaka 2014, ikaja kulegeza marufuku hayo mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya mateso ya Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu: saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiliwa, kupigwa. Mzizi ni mfumo wa kafala, unaokifunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri wake. Oman iliulegeza kidogo tangu Januari 2021, pale mfanyakazi aliyemaliza mkataba alipoweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila hati ya ridhaa ya yule wa kwanza, lakini nyumba ya mtu imebaki mahali ambapo mkaguzi haingii kirahisi. Anayesema hatakanyaga huko kwa sababu hizi simlaumu hata kidogo.

Ninalotilia shaka ni dhana kwamba kutokwenda kunamsaidia yaya yeyote. Fedha ya watalii wa Kenya ni tone ambalo Oman haitaona limepungua. Kinachoonekana kuwaponza wasichana wetu zaidi ni ujinga wa huku kwetu. Familia ya Turbo au Ziwa inamkabidhi binti kwa wakala wakati hakuna mtu katika ukoo mzima anayejua Maskati ni mji au ni mtaa, polisi wanavaaje, ubalozi uko upande gani, basi linapita wapi. Habari pekee walizonazo ni za pande mbili zenye maslahi: wakala anayesifia, na aliyerudi akiwa na aibu ya kusema. Jamii ambayo walimu, wakulima na wenye maduka wake wamewahi kuitembea nchi hiyo wakiwa huru, wakaona mwajiri wa Kioman akinunua samaki kama binadamu mwingine na si mfalme wa hadithi, ingekuwa na maswali makali zaidi mbele ya karatasi ya mkataba. Haya si madai ya kwamba utalii ni uanaharakati. Ni kusema tu kwamba mahali ambapo umekwenda bila kuomba kazi hapakutishi kwa namna ile ile.

Utumwa nao utatajwa, na lazima utajwe, kwani bila huo picha ya ngome na halua ni ya uongo. Mikarafuu ya Unguja na mashamba ya Malindi yalilimwa na watu waliotekwa bara. Vivyo hivyo mitende ya Oman: mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha jinsi tende za huko zilizouzwa hadi New York mwishoni mwa karne ya 19 zilivyotegemea mikono ya Waafrika waliovushwa bahari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikafutwa kisheria huko mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na Oman mwaka 1970, mwaka ambao wazazi wa wasomaji wengi wa ukurasa huu walikuwa shuleni. Wajukuu wa watu wale ni Waomani leo, wanaonekana sokoni na bandarini, na kwa kawaida hawapendi kuulizwa. Hata hivyo kimya kinapasuka taratibu. Doha ilifungua mwaka 2015 jumba la makumbusho ya utumwa katika nyumba ya Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, na Jokha Alharthi, mwandishi wa Oman, alishinda tuzo ya Man Booker International mwaka 2019 kwa riwaya ambamo familia za mabwana na za watumwa wao zinaishi ua mmoja. Anayetaka kuukataa mji kwa sababu ya dhambi hiyo aikatae pia Lisbon na Bristol, ambako hakuna anayemuuliza Mkenya dhamiri yake iko wapi anapokwenda. Na akumbuke kwamba msafara haukuweza kupita bara bila wenyeji wa kuuza na kununua, ijapokuwa hilo halipunguzi mzigo wa aliyekuwa mwenye jahazi.

Kuhusu mavazi na dini, mambo ni mepesi kuliko uvumi. Mkristo wa Eldoret anakaribishwa katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, asubuhi za siku zote isipokuwa Ijumaa, mradi afunike mwili, na mwanamke afunike nywele. Zulia la ukumbi wake lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba elfu nne. Ataingia bila viatu, atatoka, basi.

Imebaki kuamua tarehe, na hapo mtalii wa leo anakwenda kinyume cha wote waliomtangulia. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, na kwa karne nyingi majahazi ya Maskati na Sur yaliteremka nayo hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Mabaharia walikaa miezi, wengine wakaoa, mpaka kusi ilipoanza kuvuma Aprili, ndipo wakapakia boriti za mikoko na kurudi kwao. Nahodha yeyote wa Bandari ya Kale ya Mombasa angemcheka anayetaka kwenda Manga mwezi wa Desemba, msimu wa kuja na wala si wa kwenda. Ndege inayoondoka Nairobi likizo ya Krismasi inapita juu ya njia ile ile, pua yake ikiwa imeuelekea upepo. Abiria aliyeanza safari yake kwa matatu ya alfajiri kutoka Eldoret atashuka katika nchi ambako, ndani ya baadhi ya nyumba za kale za pwani, akiinua kichwa ataona dari limebebwa na miti iliyokatwa kwetu.